Mtafute kwanza anayesubiri jibu: kupanga somo lenye kazi ya kweli, kutoka mwaloni Mwanza

Mara ya kwanza nilipowatoa wanafunzi darasani kuwapeleka ziwani, nilirudi na madaftari 80 yenye sentensi zilezile. Tuliona mitumbwi. Tuliona samaki. Tuliona wavuvi wakishona nyavu. Jua lilikuwa limetuchoma, mmoja alikuwa amepoteza kiatu, na jioni mwalimu wa taaluma akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa hiyo ilikuwa mada gani?" Sikuwa na la kumjibu. Nilifundisha hisabati, na hatukuwa tumehesabu chochote.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba somo likitoka nje ya darasa limeshakuwa la uhalisia. Ziwa lilikuwa la kweli, samaki walikuwa wa kweli, lakini kazi niliyowapa ilikuwa ya kubuni: andika ulichokiona. Hakuna mtu pale mwaloni, ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, aliyehitaji kujua tulichokiona. Tangu hapo nimekuwa nikipanga masomo haya kwa kumtafuta kwanza mtu mwenye swali ambalo hajalipatia jibu, ndipo ninafikiria safari, na mara nyingine safari yenyewe haihitajiki. Nitaeleza hatua ninazofuata kwa kutumia somo moja nililolirudia mara kadhaa, la dagaa wanaoanikwa. Ukiwa mwalimu wa jiografia au Kiswahili, badilisha mada, njia ibaki.

Hatua ya 1: Fungua muhtasari kabla ya kufungua mlango

Chagua mada ambayo ungeifundisha hata hivyo, iliyomo kwenye azimio lako la kazi la muhula huu. Mimi nilichukua asilimia, uwiano, faida na hasara, pamoja na kuchora grafu. Andika umahiri unaoutaka kwa sentensi moja: mwanafunzi aweze kupima badiliko, alieleze kwa asilimia, na alitumie kuamua bei. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, bado hujawa tayari kwenda popote.

Hatua ya 2: Nenda peke yako, ukamsikilize mwenye shida

Hapa ndipo pa kutumia muda. Nenda mwaloni alfajiri bila wanafunzi, bila daftari mkononi. Salimia kama mtu, si kama ofisa: shikamoo kwa wakubwa, na ukijua mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, itoe. Nunua kitu. Mimi nilinunua dagaa wa mboga, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaangalia kazi inavyokwenda hadi nikaulizwa natafuta nini.

Usiulize, "Mnakabiliwa na changamoto gani?" Swali hilo limeshaulizwa na kila mgeni mwenye kitambulisho shingoni, na jibu lake limekaririwa: mtaji, masoko, tunaomba serikali itusaidie. Uliza mambo ya jana na leo. Jana uliuza vipi? Unajuaje kwamba wameshakauka? Kitu gani unakikadiria kwa macho ambacho ungependa kukijua kwa hakika?

Mama mmoja anayeanika dagaa alinijibu hivi: "Mwalimu, mimi nanunua wabichi kwa ndoo, nauza wakavu kwa sado. Hapo katikati sijui kinachopotea." Nilitaka kumkumbatia. Sentensi moja, na ndani yake mna asilimia, uwiano, vipimo vya ujazo (ndoo, na sado ambayo ni kikopo cha rangi) dhidi ya vipimo vya uzito, na bei.

Si kila swali utakalopewa linafaa. Mimi hulipima hivi: je, mwenye swali akipata jibu, kuna jambo atalifanya tofauti kesho? Je, mimi mwenyewe silijui jibu? Maana wanafunzi wana pua kali, wakinusa kwamba jibu liko kwenye droo ya mwalimu wanaanza kulitafuta humo badala ya kupima. La mwisho, je, swali linajibika bila mada yangu? Kama mama angeweza kupata jibu kwa kumuuliza jirani yake, hisabati yangu ingekuwa pambo tu.

Kabla hujaondoka, agana naye lini mtarudi na jibu. Taja siku. Ahadi hiyo ndiyo itakayowasukuma wanafunzi zaidi ya alama utakazotoa.

Hatua ya 3: Ifanye kazi mwenyewe, nyumbani

Nilinunua dagaa wabichi kilo moja, nikawaanika nyuma ya nyumba, nikapima kila baada ya saa mbili. Samaki mbichi ni maji kwa takriban robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo nilitarajia uzito ushuke sana. Sikutarajia mwewe. Alishuka mara moja tu, akaondoka na sehemu ya takwimu zangu. Nilijifunza pia kwamba mizani ya saa ya dukani haioni mabadiliko madogo, na kwamba nilikuwa nasahau kutoa uzito wa beseni. Haya yote ni afadhali yakukute wewe Jumamosi kuliko yawakute wanafunzi 84 Jumatano.

Usiyaondoe yote, lakini. Mwewe nilimzuia kwa kuweka walinzi wa zamu. Beseni nililiacha makusudi, nikijua kuna makundi yatakayolisahau.

Hatua ya 4: Angalia mwezi, halafu ratiba

Hili lilinigharimu. Nilipanga kila kitu kwa kalenda ya shule: kibali kimetoka, wazazi wamearifiwa, vipindi vimebadilishwa. Tukafika mwaloni tukakuta mitumbwi imepumzika na vijana wanacheza bao. Mwezi ulikuwa mpevu.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola na za betri. Mwanga huwavuta dagaa waje juu, lakini mbalamwezi ikiwaka uso wote wa ziwa, taa ya mvuvi haina nguvu tena, kwa hiyo siku za kuzunguka mwezi mpevu wengi hawaingii majini. Mtoto wa mvuvi yeyote darasani mwangu angeniambia hivyo. Sikumuuliza. Sasa huwauliza wanafunzi wenyewe siku ipi inafaa, na wale ambao kwa kawaida hukaa nyuma kimya ndio wanaonyoosha mikono.

Angalia na mvua. Kwetu Mwanza miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mikavu zaidi, na muhula wa pili ukianza Julai unakuwa na nafasi nzuri. Ukitaka kuufundisha upotevu unaoletwa na mvua, fanya marudio Novemba, lakini usianzie huko.

Hatua ya 5: Ruhusa, usalama, na wingi wa wanafunzi

Ruhusa: mkuu wa shule kwa maandishi, ofisi ya mtaa, na uongozi wa mwalo pamoja na BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe. Wazazi wapelekewe taarifa inayosema saa ya kwenda, saa ya kurudi na nani anawasindikiza.

Usalama: hakuna anayeingia majini, hata kunawa miguu. Kichocho kipo kwenye fukwe za ziwa hili. Vimelea hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyegusa maji, kwa hiyo kusema "ni maji kidogo tu" si kinga. Beba maji safi na sabuni kutoka shuleni. Kofia au kanga kichwani, maji ya kunywa, na ujue choo kiko wapi kabla hamjafika.

Wingi: sikuwapeleka wote. Walikwenda wanane pamoja na mwalimu mwenzangu, alfajiri, wakashuhudia ndoo ikijazwa, wakauliza bei, wakarudi na dagaa shuleni. Kazi ya kupima ikafanyika uwanjani kwetu, karibu na ofisi ya walimu. Darasa la 84 likawa makundi 12 ya watu saba. Na dagaa walitoka wapi? Mama alitukopesha ndoo yake, kwa sharti tumrudishie wakavu. Sharti hilo lilifanya kazi kuliko hotuba yangu yoyote kuhusu uangalifu, maana ilikuwa mali ya mtu.

Hatua ya 6: Gawa vipindi, ugawe na kazi

Usijaribu kulimaliza somo hili kwa kipindi kimoja cha dakika 40. Mimi natumia vipindi vitano na siku moja ya kupima. Kipindi cha kwanza nalileta swali kama lilivyotamkwa, kwa maneno ya mama mwenyewe, halafu nanyamaza. Wanafunzi wanabuni namna ya kupima. Watabishana: kwa ndoo au kwa kilo? Tuanike juu ya nini? Tupime mara ngapi? Waache. Ukiwapa jedwali lililochorwa tayari, umeshawanyang'anya nusu ya hisabati.

Siku ya kupima inaanza saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, kila baada ya saa mbili, wakati wa mapumziko na kati ya vipindi vya walimu wengine. Omba radhi mapema kwa walimu hao. Kila kundi lina kilo moja ya dagaa wabichi. Sita wanaanika juu ya chanja ya miti na wavu, sita wanaanika chini kwenye mchanga, kama inavyofanyika bado sehemu nyingi za ufukwe. Ndani ya kundi awepo anayepima, anayeandika, anayetunza saa, mlinzi wa mwewe na paka, na mmoja ambaye kazi yake ni kupinga: kila namba inayosomwa aisome tena. Zamu zibadilike kila upimaji. Bila hivyo yule anayejiamini atashika mizani kuanzia asubuhi hadi jioni, na wengine watakuwa watazamaji wake.

Hatua ya 7: Namba zinapogombana, usiamue

Hapa ndipo somo lilipo, na ndipo walimu wengi tunapoliharibu kwa haraka zetu.

Kundi la chanja linaweza kuleta namba kama hizi (za mfano tu, zenu zitakuwa nyingine): gramu 1,000 saa 2 asubuhi, 760 saa 4, 510 saa 6, 360 saa 8, na 300 saa 10 jioni. Wakichora grafu wataona mstari unaporomoka mwanzoni, kisha unalala. Mwanafunzi aliyezoea grafu za kitabuni zenye mstari ulionyooka atadhani amekosea. Muulize: saa mbili za mwanzo zilipotea gramu ngapi, na saa mbili za mwisho ngapi? Kwa nini jua la mchana halikupunguza zaidi?

Kisha likaja jambo ambalo sikulipanga. Makundi ya mchangani yalibaki na uzito mkubwa kuliko ya chanja, tena kwa tofauti ya kueleweka. Msichana mmoja akasimama akatangaza matokeo: mchanga ni bora, maana dagaa hawapotezi uzito mwingi, na mama auze zaidi. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Darasa likapiga makofi. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni na nikajiuma ulimi.

Ilichukua kipindi kizima. Mvulana aliyelelewa na bibi yake mchuuzi ndiye aliyesema, "Bibi yangu huwa anapepeta kwanza." Wakachukua dagaa wa mchangani, wakawapepeta juu ya turubai, wakapima kilichoanguka. Mchanga. Walikuwa wamepima ufukwe pamoja na dagaa. Yule msichana akalifuta mwenyewe hitimisho lake ubaoni, kisha akauliza swali lililokuwa zuri kuliko yangu yote ya siku hiyo: "Kwa hiyo mteja analipia mchanga kwa bei ya dagaa?" Kutoka hapo tukaingia kwenye ubora, bei na uaminifu bila mimi kusukuma.

Lile suala la beseni nalo lilijitokeza: kundi moja lilikuwa na dagaa walioongezeka uzito mchana. Lilijirekebisha lenyewe baada ya mpinzani wao kusoma jedwali kwa sauti.

Kanuni ninayoifuata ni moja. Namba ikiwa ya ajabu, nauliza ilipatikanaje, sisemi kama ni kweli au si kweli.

Hatua ya 8: Kutoka asilimia kwenda kwenye bei

Tuseme ndoo ina kilo 18 na imenunuliwa kwa shilingi 27,000. Zikibaki asilimia 30 baada ya kukauka, ni kilo 5.4. Gawanya: kila kilo ya wakavu imeshamgharimu mama shilingi 5,000, kabla ya kibarua wa kugeuza, nauli na ushuru. Akiuza kwa 5,500 akidhani amepata, huenda anakula mtaji wake.

Lakini mama hauzi kwa kilo, anauza kwa sado, kile kikopo cha rangi cha lita 4 ambacho soko zima linakijua. Kwa hiyo lazima wapime sado ina gramu ngapi, na hapo wataanza tena ugomvi: iliyomiminwa, iliyotikiswa na iliyorundikwa juu zinatofautiana. Wapime kila namna mara tano, watafute wastani. Sijawahi kuwa na njia nzuri zaidi ya kufundisha kwa nini tunatafuta wastani.

Hatua ya 9: Wapeleke jibu kwa mwenyewe

Kwenye shule za sekondari tunafundishia Kiingereza, na mtihani unakuja kwa Kiingereza. Mama haulizi kwa Kiingereza. Kwa hiyo kazi hii ina matoleo mawili: daftarini kwa lugha ya mtihani, mwaloni kwa Kiswahili, na wanaoweza kwa Kisukuma. Nilidhani toleo la pili lingekuwa rahisi. Wapi! Mwanafunzi aliyekokotoa asilimia bila kusita alikwama alipotakiwa kumweleza mama bila kutumia neno asilimia. Alihangaika, kisha akachukua sado tatu na kitu za wabichi, akazipanga mbele yake, akasema: "Mama, hizi zote zikikauka zinakuwa uzito wa hii moja." Nikaandika kwenye kitabu changu kwamba huyu ameielewa mada.

Mwache mwenye swali aulize maswali. Mama wetu aliuliza kuhusu siku za mawingu, na hatukuwa tumepima siku ya mawingu. Wanafunzi wakamwambia hivyo hivyo, kwamba hawajui, wakaomba wiki mbili. Usiwaokoe kwa kujibu wewe.

Hatua ya 10: Alama

Toa vigezo mapema, vichache. Mimi nina vinne: upimaji unaoweza kurudiwa na mtu mwingine, hesabu sahihi, maelezo ya kosa lililotokea na lilivyogunduliwa, na uwezo wa kumweleza asiye mwanafunzi. Kigezo cha tatu nakipa uzito sawa na cha pili, na kuna mzazi aliyewahi kuja kulalamika kwamba mtoto wake amepewa alama kwa kukosea. Nilimwonyesha kazi. Tulielewana nusu.

Kisha, wiki hiyohiyo, nawapa maswali matatu ya mtindo wa mtihani wa taifa juu ya mada ileile, wafanye peke yao kimya. Hii inamjibu mwalimu wa taaluma, na kwa haki inanijibu mimi pia, maana kundi lenye kelele linaweza kuficha watu wawili wasioelewa kitu. Kuhusu muda, ukiunganisha mada tatu kwenye kazi moja, muhtasari hauchelewi kama watu wanavyoogopa. Lakini usifanye hivi kwa kila mada. Mara moja kwa muhula inatosha, nyingine fundisha kwa chaki kama kawaida.

Kama somo lako si hisabati

Jiografia: Mto Mirongo unapita katikati ya mji na kuingia ziwani. Muulize anayelima bustani pembezoni mwake anataka kujua nini kuhusu maji yake. Chukua kifuniko cheupe cha ndoo, kitoboe, kifunge kamba yenye alama za sentimita, ukishushe kutoka gatini hadi kisionekane: kipimo cha uwazi wa maji ambacho Angelo Secchi alikibuni mwaka 1865, na bado wataalamu wa maziwa wanakitumia. Biolojia: sheria inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25, lakini pima kwa ridhaa ya muuzaji na bila kumtaja mtu, la sivyo utaonekana umeleta wapelelezi. Uchumi au uraia: Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa mwaka 2025. Kuna mama lishe aliyekuwa akiwauzia waliosubiri kivuko. Biashara yake imekwenda wapi? Kiswahili: kusanyeni majina ya sehemu za mtumbwi na nyavu kwa wazee wa mwalo, muwape vijana wanaoanza kazi.

Jambo la mwisho ni dogo ila limewahi kuniletea ugomvi wa ofisini. Amueni kabla ya siku ya kupima nani atachukua dagaa. Wetu walirudi kwa mama, wamepepetwa, kwenye mfuko ulioandikwa uzito kwa kalamu ya wino mzito. Alifungua, akanusa, akachota konzi mbili akampa mlinzi wa mwewe.